Mkate Utawaka Jumamosi

Jumatatu, 15 Januari

Baridi: nyuzi 49 chini ya sifuri. Ukungu mzito. Heshima yangu: imekwaruzwa kidogo, lakini iko hai.

Kijiji kizima hapa kaskazini huacha injini zikinguruma Januari yote, maana ikizimwa inaganda na haiwaki tena. Mtu akiingia dukani kununua chumvi, gari linabaki nje likitoa moshi, na hakuna anayeliiba, maana hata mwizi anaona baridi. Mimi leo nilizima. Makusudi! Mbele ya posta, watu wakiona. Nilitaka wajue kwamba Mkate si gari la kubembelezwa.

Mkate ni gari langu. Lina umbo la mkate wa slesi, ni la kijivu, ni kuukuu, nami nalipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nilipotoka posta, Mkate ulikataa kuwaka. Nikajaribu tena. Ukakohoa mara moja, ukanyamaza. Na nani akatokea na kamba? Dyulustan, kaka yake mke wangu! Gari lake linalala kwenye gereji yenye jiko la kuni, mahali pa joto kuliko chumba changu. Akanivuta barabara kuu nzima, taratibu kuliko ilivyohitajika, akimpigia honi kila mtu. Hata ng'ombe.

Sargylana alikuwa amekwisha kusikia. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na hasira yake huja kwa vipengele. Alisema, kwanza, Mkate umemwaibisha vya kutosha. Pili, Dyulustan yuko tayari kuuchukua na badala yake atupe sisi farasi jike. Tatu, farasi hahitaji starta. Nikasema nitakufa kwanza. Akasema sawa, ila nife kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama yake anavuka mto ulioganda kwenda kwa dada yake anayetimiza miaka themanini, na atapelekwa na gari linalowaka.

Masharti yakatolewa palepale. Ijumaa jioni Mkate unazimwa na kulala nje. Hakuna blanketi juu ya injini, hakuna kupasha kwa moto wa gesi, hakuna hila. Ufunguo unakaa kwa Dyulustan. Betri naruhusiwa kuilaza ndani, hata Sargylana hajawa katili kiasi hicho. Kitu kimoja tu nachagua mwenyewe: oili. Mkate ukiwaka Jumamosi asubuhi, ni wangu, na hakuna atakayetaja farasi tena. Usipowaka, unaondoka na Dyulustan.

Nimekubali bila kusita. Wamejitia mtegoni wenyewe!

Jumanne, 16 Januari

Baridi: 50. Mipango: mizuri mno.

Nimekwenda dukani kwa Matryona, yule mama anayeuza vipuri. Ana bidhaa nzuri na tabia mbaya ya kueleza. Alisema nitazame, kwenye galoni ya oili, nambari iliyo kabla ya herufi W. Hiyo ndiyo ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi, injini inazunguka, oili inafika juu upesi. Ikiwa kubwa, oili inaganda na starta inahangaika bure. Kumi na tano, alisema, ni ya watu wanaovaa kaptula. Januari ya kwetu inataka sifuri: sifuri-thelathini, sintetiki tupu. Kisha akanikumbusha kwamba vuli iliyopita nilinunua kumi-na-tano, naye akanionya, nami nikamjibu kuwa nambari kubwa ni nguvu kubwa. Silikumbuki jambo hilo. Na hata kama nilisema, ilikuwa vuli.

Nikaomba sifuri. Imekwisha! Galoni ya mwisho imenunuliwa leo asubuhi. Na nani? Shemeji yangu! Lori la mzigo linakuja wiki ijayo. Matryona akasema nichukue tano-arobaini, nikiwa na bahati itatosha. Mimi nitie tano wakati Dyulustan ana sifuri? Watu watanionaje? Nikatoka na kubamiza mlango. Ulikuwa umenata kwa barafu, ikabidi nirudi kuubamiza mara ya pili.

Njiani nikapata wazo. Samaki! Samaki anaogelea chini ya barafu miezi yote hii na hagandi. Kwa nini? Mafuta yake! Kumbe watu wa viwandani wanahangaika bure. Mama mkwe ana chupa ya mafuta ya maini ya samaki, anajipaka magoti. Nimeazima yote.

Sasa chupa mbili ziko nje kwenye ngazi ya mlango, bila vifuniko. Moja ina ile kumi-na-tano yangu ya vuli, nyingine ina mafuta ya samaki. Kesho tutaona nani mwenye akili katika familia hii.

Jumatano, 17 Januari

Baridi: 51. Sayansi: imesonga mbele.

Nilimwita Dyulustan awe shahidi. Nilitaka aone kwa macho yake.

Nikapindua chupa ya kwanza. Oili yangu ya vuli haikutoka. Nikaitikisa. Haikutoka. Dyulustan akasema ningeweza kuzibia nyufa za ukuta. Nikaiweka chini kwa hadhi. Nikachukua chupa ya pili, ile ya samaki. Tupu! Safi kabisa! Mafuta yalikuwa yametiririka vizuri hata yakaondoka yenyewe.

Dyulustan akanionyesha mbwa wetu, aliyekuwa amekaa pembeni akijilamba hadi puani. Nikasema mbwa hahusiki na utafiti. Dyulustan akacheka hadi akashika nguzo, glavu yake ikanata kwenye barafu, akaendelea kucheka akiwa amenata. Mama mkwe akatokea akauliza ni nani amemaliza dawa ya magoti yake. Nikamwonyesha mbwa. Siku nzima leo sijasema uongo hata mara moja.

Kisha jambo la kuchukiza. Dyulustan akafuta machozi, akanishika bega, akasema kwa sauti ya upole, "Shem, kachukue ile tano. Usiuache Mkate hivihivi, mwenzangu."

Huruma! Kutoka kwake! Nilikosa usingizi wa mchana. Lakini nilipokuwa nikikosa usingizi nilitafakari, na nimegundua kwamba oili ninayoitaka haiko mbali. Iko kwenye gereji ya shemeji, karibu na jiko.

Alhamisi, 18 Januari

Baridi: 50. Ushindi wa kwanza!

Hapa kwetu hakuna anayefunga gereji kwa kufuli Januari. Huenda mtu akakwama njiani akahitaji joto. Ni desturi nzuri, ya kibinadamu, na nimeiunga mkono maisha yangu yote.

Dyulustan alikuwa malishoni kwa farasi wake. Nikaingia gerejini kama mtu aliyekwama. Na kwa kweli nilikuwa nimekwama, isipokuwa si barabarani. Ile galoni ilikuwa pale pale, haijafunguliwa. Nikaimimina yote kwenye dumu langu. Kisha, kwa kuwa mimi si mwizi, nikamjazia galoni yake kwa oili yangu ya kumi-na-tano iliyobaki tangu vuli, kiasi kilekile. Kando ya jiko ilishuka laini kama maziwa. Mtu yeyote angeitazama asingejua tofauti. Nikafuta kifuniko, nikaota moto kidogo, nikatoka.

Nikaupasha Mkate kwa moto wa gesi chini ya injini, ambao kabla ya Ijumaa jioni haujakatazwa. Nikamwaga oili ya zamani, nikatia sifuri. Kikombe kimoja kikabaki. Sifuri kwenye Mkate, kumi-na-tano kwa Dyulustan! Nilicheka peke yangu hadi kope zikagandana.

Jioni Sargylana aliniuliza nimechagua oili gani. Swali la mtego. Nikamwambia nimetia mchanganyiko wangu wa siri, na kiungo kikuu ni mafuta ya samaki. Akakaa kitini. Akauliza kama namtania. Nikasema Jumamosi dunia itaona. Akavaa koti, akasema anatoka kidogo kwenda kwa kaka yake. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa anaficha furaha.

Ijumaa, 19 Januari

Baridi: 51. Ushindi wa pili, na ajali ndogo ya kidini.

Sargylana alipokwenda shule niliujaribu Mkate. Umelala nje, bila blanketi, baridi ya kutisha. Jaribio la kwanza: unazunguka! Jaribio la pili: umewaka! Nilibusu usukani. Ni kosa, usukani ulikuwa chuma kitupu pale nilipobusu, nimeacha ngozi kidogo. Nikazima haraka. Sijamwambia mtu. Jumamosi nataka mshangao kamili.

Furaha ikanizidi, nikaona ni vyema niushukuru moto. Kwetu mtu hasafiri kabla moto wa nyumba haujalishwa. Mama mkwe huupa chapati ndogo za maziwa na kipande cha siagi, huku akiunong'oneza maneno mazuri. Chapati hazikuwepo. Siagi aliificha baada ya mambo ya samaki. Lakini kile kikombe cha sifuri kilikuwepo, safi, cha njano! Kuna kitu gani cha thamani zaidi katika nyumba hii? Nikaupa moto kijiko kimoja. Ukaipenda. Nikaupa cha pili.

Loo! Jiko lilinguruma. Moshi mweusi ukajaa jikoni, mbwa akakimbilia chini ya kitanda. Mama mkwe akatoka chumbani kama mwenye umri wa miaka ishirini.

"Wee mkwe!" alipiga kelele. "Huyu ni mzee wa nyumba hii, tangu kabla hujazaliwa! Unamnywesha uchafu wa gari?"

Nikajitetea kwamba ni sintetiki tupu. Haikusaidia. Akafungua mlango kutoa moshi, baridi ikaingia kama wingu, maua yake mawili ya dirishani yakafa papo hapo. Akaapa hapandi Mkate mpaka nimwombe moto msamaha. Nikavaa aproni. Nikakaanga chapati. Ya kwanza iliungua, ya pili pia. Ya tatu niliupa moto na kuomba msamaha kwa sauti, mama mkwe akisimama nyuma yangu na kunirudisha kila nilipoharakisha. Moto ukasamehe. Yeye bado.

Mchana nilikuwa mtoni na majirani tukikata barafu ya maji ya kunywa hadi jua lilipozama. Niliporudi nikamkabidhi Dyulustan ufunguo. Hakunitazama usoni, na mikono yake ilinuka oili. Hofu hiyo. Anajua kesho ni siku yangu.

Jumamosi, 20 Januari

Baridi: 53. Nusu ya kijiji uani kwangu. Matryona alikuja na thermosi ya chai, kama mtu aliyekuja mchezoni. Sargylana alimshika mama yake mkono. Niliweka betri, nikatoa hotuba fupi. Watu wakaomba nifupishe zaidi. Dyulustan akanirudishia ufunguo.

Nikageuza ufunguo. Nguu.

Nikageuza tena. Ng.

Mara ya tatu Mkate haukusema chochote.

Siwezi kuandika nilivyojisikia. Nitaandika tu kwamba niliuwekea Mkate mkono kwenye mlango na sikuweza kuutoa, na safari hii haikuwa barafu. Gari langu. Niliwaza jinsi lingeonekana uani kwa Dyulustan. Niliwaza nitakaa dirishani majira yote ya baridi nikimtazama farasi.

Lakini aliyebadilika rangi zaidi alikuwa Dyulustan. "Haiwezekani!" alisema. "Haiwezekani, shem! Nimetia sifuri kwa mkono wangu mwenyewe!"

Kumbe! Alhamisi jioni Sargylana alikwenda kwake akilia. Alimwambia kwamba mumewe ametia samaki kwenye injini. Alimwambia hataki farasi, hajawahi kutaka farasi, alikasirika tu siku ile ya posta, na sasa amesema masharti mbele ya watu na hajui jinsi ya kuyarudisha. Basi jana, mimi nikiwa mtoni, ndugu hao wawili waliupasha Mkate kwa moto wa gesi, wakamwaga "samaki" wangu kwenye beseni, wakatia galoni ya thamani ya Dyulustan. Ile galoni. Kutoka gerejini. Karibu na jiko.

Dyulustan akamgeukia Matryona kwa hasira. "Mama, umeniuzia nini? Umenifanya nimwangushe shemeji yangu mbele ya watu!"

Matryona hakumjibu. Akampa mtu thermosi, akafungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilining'inia kama nta na haikudondoka. Akainusa. Akasema hii si sifuri, hii ni kumi-na-tano, na vuli yote aliiuza kwa mtu mmoja tu.

Kofia zote za manyoya zikanigeukia.

Mama mkwe naye, ambaye kwa kawaida hasikii vizuri, leo alisikia kila kitu. Alisema jana mkwe wake aliulisha moto oili ya njano, safi, na haikunuka samaki hata kidogo.

Nilifikiria kukimbia. Kwa viatu vya manyoya ya miguu ya kulungu na baridi ya 53, mtu hafiki mbali. Basi nikashambulia.

"Kwa hiyo nimeshinda!" nikasema. Nikawaeleza taratibu, kama mwalimu. Nilichagua sifuri. Niliitia. Mkate uliwaka Ijumaa asubuhi, peke yake, bila kupashwa. Kisha upande wa pili ukaja kisirisiri ukatoa oili yangu nzuri na kutia mbaya. Sasa nani amevunja masharti?

Matryona alikuwa wa kwanza kucheka. Halafu uani pote wakacheka, mvuke wa pumzi zao ukapanda kama nyumba inayoungua. Sargylana alicheka huku akinipiga mgongoni kwa ngumi, na ngumi zilikuwa za kweli. Dyulustan peke yake hakucheka. Aliniuliza kama niliingia gerejini kwake. Nikasema niliingia kama mtu aliyekwama. Alisema angenipa hiyo galoni kama ningeomba. Nikarekebisha kofia.

Mama mkwe akakata kesi. Alisema dada yake anatimiza themanini leo, si mwezi ujao, na magoti yake hayana dawa. Mkate ukavutwa hadi gereji ya Dyulustan. Tukakaa kando ya jiko tukinywa chai ya maziwa mpaka oili mbaya ilipolegea. Tukaimwaga. Tukairudisha sifuri kutoka beseni, Dyulustan akiichuja kwa kitambaa na kuugulia. Nikageuza ufunguo.

Ukawaka! Mara ya kwanza!

Niliahidi Mkate utawaka Jumamosi, na Jumamosi umewaka. Sargylana anasema ulikuwa ndani ya gereji. Masharti yalisema ulale nje, na nje ulilala!

Mama mkwe aliamuru Dyulustan aendeshe. Mimi nilipewa nafasi ya nyuma kabisa, pamoja na paja la nyama ya farasi lililoganda, zawadi ya yule dada wa miaka themanini. Kila walipokata kona lilinigonga. Kazi hiyo haipewi mtu ovyo.

Jumapili, 21 Januari

Baridi: 48. Joto, ukilinganisha.

Mkate umebaki! Hakuna farasi. Lakini ufunguo Sargylana ameutia mfukoni mwa gauni lake. Asubuhi alinikalisha mezani na kusema, bila vipengele safari hii, kwamba hakasiriki kwa ajili ya gari wala oili. Anachoka tu. Tumeoana muda mrefu na hajawahi kunisikia nikisema neno moja, hata kwa bahati mbaya. Ufunguo nitaupata nikienda kwa kaka yake na kumwambia usoni: nilikosea.

Alilia kidogo aliposema hivyo. Ningeweza kufanya chochote kwa ajili ya mwanamke huyu.

Nikaenda. Kwa miguu, kama mhujaji. Njia nzima nilijizoeza. Dyulustan alikuwa gerejini akisugua beseni. Nikasimama mlangoni, nikavua kofia, ingawa masikio yaliniuma.

"Nilikosea," nikasema.

Akaweka beseni chini. Alinitazama kama anayemwona mtu akitembea juu ya maji. Macho yakamlowa. Akanikumbatia hadi mbavu zikalia, akasema yamekwisha, shem, yamekwisha, sisi ni ndugu. Akanipa samaki mzima wa barafu nipeleke nyumbani. Sargylana alikuwa amekwisha kupigiwa simu nilipofika. Alinibusu, akaweka ufunguo kwenye kiganja changu, akakaanga chapati, na ya kwanza akaupa moto.

Ilikuwa sentensi ndefu kidogo kuliko walivyoisikia. Nusu ya pili niliimalizia njiani, peke yangu, kwenye ukungu: kuacha boneti bila kufuli.

Kufuli nimemwagiza Matryona. Kubwa.